Njia ya Ng'ombe na Mpaka wa Shamba katika Uwanda wa Ruzizi

Mtu anayetoka Bukavu na kushuka kwa njia ya Ngomo huona ajabu. Kwa muda mrefu amezungukwa na milima ya Bushi, yenye baridi na migomba. Kisha mlima unakwisha, joto linampiga usoni, na mbele yake nchi imetandazwa kama mkeka. Hapo ndipo Kamanyola. Upande wa mashariki unapita mto Ruzizi. Ng'ambo yake ni Bugarama ya Rwanda, na mbele kidogo ni Cibitoke ya Burundi. Toka hapa uwanda unateremka polepole kwa kilometa zipatazo 80, kupita Luvungi, Luberizi, Sange na Kiliba, mpaka Uvira penye ziwa Tanganyika. Upande wa magharibi milima inasimama kama ukuta, na nyuma yake ziko nyanda za juu za Itombwe, zenye majani mengi na ng'ombe wengi.

Katika nchi hii kuna shauri lisilokwisha. Mkulima asema: "Ng'ombe wako wamekula mihogo yangu." Mfugaji ajibu: "Nawe umelima katika njia ya ng'ombe wangu." Kila mwaka maneno hayo husemwa mbele ya wazee, mbele ya machefu na mbele ya mahakimu. Miaka mingine husemwa kwa panga na kwa bunduki. Watu walio mbali wakisikia habari hizo hudhani ni uadui wa makabila tu, uliozaliwa pamoja na watu wenyewe, usio na mwanzo wala dawa.

Sivyo. Ugomvi huu una historia, na kitu chenye historia kina mwanzo wake. Na chenye mwanzo chaweza kuwa na mwisho. Katika makala hii tutafuata jambo moja tu, nalo ni njia. Tutaona kwamba zamani njia ya ng'ombe ilikuwa na wenyewe walioitunza. Kisha, hatua kwa hatua, ikakosa mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe hugombewa na wote.

Zamani

Kwanza tusahihishe kosa moja. Wengi husema: kabila hili ni la wakulima, kabila lile ni la wafugaji. Kweli, Wanyamulenge wa nyanda za juu wanajulikana kwa ng'ombe wao. Lakini Washi wa Ngweshe, ambao Kamanyola ni nchi yao, wanapenda ng'ombe tangu zamani. Wafuliiru wanao ng'ombe, na Warundi wa uwanda vilevile. Nao Wanyamulenge hulima mahindi na maharagwe yao. Basi jembe na fimbo ya kuchungia havikugawanywa kwa makabila. Mara nyingi vinakaa katika nyumba moja.

Tazama desturi ya Washi iitwayo kalinzi. Ardhi ilikuwa mkononi mwa Mwami na wakubwa waliokuwa chini yake. Mtu aliyetaka kulima alileta kalinzi, na mara nyingi kalinzi hiyo ilikuwa ng'ombe. Naye akapewa mahali pa kulima, yeye na watoto wake baada yake. Yule aliyetaka shamba kwa muda mfupi alikuwa na mapatano mengine, yaitwayo bwasa. Angalia vizuri, ndugu msomaji: ng'ombe hakuwa adui wa shamba. Ng'ombe alikuwa ndiye muhuri wa shamba. Aliyeuliza, "Shamba hili ni la nani?" aliambiwa ni ng'ombe gani aliyelitolewa, na mashahidi walikuwapo.

Mifugo nayo ilikuwa na mapatano yake. Mfugaji aliyeshusha ng'ombe katika nchi ya wengine hakuingia kama mwizi. Katika nchi ya Wafuliiru, na kwa Wabembe upande wa Fizi, alimpa mwenye nchi itulo, yaani mnyama wa kuonyesha heshima, naye akapata ruhusa ya kulisha na kupita. Hata jambo hilo lilikuwa na maneno yake: mfugaji aliiita itulo shukrani, mwenye nchi aliiita haki yake. Walakini wote wawili walijua nani anapokea na nani anatoa. Na yule aliyepokea alikuwa na wajibu: kama ng'ombe wameharibu, au kama mkulima ameziba njia, yeye ndiye wa kuamua. Hiyo ndiyo maana ya kusema njia ilikuwa na mwenyewe.

Majira ya mwaka yalisaidia pia. Mvua hunyesha toka Septemba hivi mpaka Mei. Kiangazi kikifika, majani ya juu hukauka na kuwa magumu, na wachungaji hutafuta malisho ya chini. Wakati huo mashamba mengi ya chini yamekwisha vunwa. Ng'ombe walikula mabua, wakaacha samadi. Mkulima hakupoteza kitu, tena alipata faida.

Na ua je? Ua ulikuwapo, lakini haukuzunguka kila shamba. Ulizunguka nyumba na zizi. Ulikuwa ua wenye uhai, wa miti kama mnyaa, ambao utomvu wake mweupe huunguza kinywa na macho, hata mnyama hathubutu kuutafuna. Shambani ua wa kweli alikuwa mchungaji mwenyewe, na macho yake, na fimbo yake. Kama amelala usingizi, ua umeanguka.

Tusidhani kwamba siku hizo zilikuwa za paradisi. Wakubwa wengine walikuwa wakali, na maskini aliweza kunyang'anywa shamba na ng'ombe pamoja. Lakini juu ya njia, kila mtu alijua aende kwa nani kulalamika.

Mipaka mipya

Mwaka 1910 Wabelgiji, Wadachi na Waingereza walipatana juu ya mipaka ya nchi za Kivu, na mto Ruzizi ukawa mpaka kati ya Kongo na makoloni ya Wadachi. Mto ambao watu na ng'ombe waliuvuka kutafuta majani ukawa mwisho wa nchi. Katika miaka hiyohiyo ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi kando ya Tanganyika na Ruzizi, na wakubwa wa serikali wakahamisha vijiji. Sehemu kubwa za uwanda zikabaki na watu wachache. Mgeni aliyeziona akasema: "Hii ni ardhi tupu." Haikuwa tupu. Mahali pasipo na nyumba paweza kuwa malisho ya mtu, au njia ya mtu.

Mwaka 1926 serikali ilitoa amri juu ya mabaraza ya wenyeji, na mashauri ya mazao yaliyoliwa yakaandikwa huko mbele ya chefu na karani. Jambo hilo lilikuwa jema kwa sehemu. Lakini mwaka 1928 likaundwa shirika kubwa, Comité National du Kivu, lililopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Milimani kukaja mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini. Washi wengi wakabanwa. Nao waliobanwa juu hutazama chini. Hivyo watu wakazidi kushuka kuja uwandani.

Uwandani kwenyewe, baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilianzisha mpango ulioitwa paysannat. Wapimaji walikuja na kamba na vigingi, wakagawa mashamba safu kwa safu, kila mkulima na kipande chake, ili walime pamba kwa utaratibu. Katika miaka ya 1950 mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari yakaenea upande wa Kiliba. Pamba ilileta fedha, na hatuwezi kusema kwamba kazi hiyo yote ilikuwa mbaya. Lakini fikiri juu ya pamba kidogo. Hupandwa katikati ya mvua, na huvunwa wakati wa kiangazi, yaani wakati uleule ambao ng'ombe hushuka. Mahindi humpisha ng'ombe, pamba haimpishi. Na mihogo ndiyo zaidi, maana hukaa ardhini mwaka na kupita, haijui masika wala kiangazi. Basi bila mtu yeyote kutangaza vita, majira yaliyowapatanisha mkulima na mfugaji yalianza kuharibika.

Ramani za wapimaji zilionyesha vipande, mifereji na barabara za motokari. Mtu mwenye kipande alikuwa na namba yake. Njia ya ng'ombe haikuwa na namba.

Sheria bila agizo

Baada ya uhuru wa 1960 serikali ya Kongo ilitaka kuirudishia nchi ardhi yake. Tarehe 7 Juni 1966 ilitolewa sheria inayojulikana kwa jina la Bakajika. Kisha tarehe 20 Julai 1973 ikatolewa sheria kubwa ya ardhi, inayosema kwamba ardhi ni mali ya Taifa peke yake, isiyoweza kuuzwa wala kupotea kwa kupita miaka. Mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Na mashamba ya desturi, yaani yale ambayo wanakijiji wanalima kwa kufuata mila? Sheria ilisema nayo ni ardhi ya Taifa, na haki za wale wanaoyakalia zitapangwa kwa agizo la Rais. Miongo ya miaka ikapita bila agizo hilo kutolewa.

Matokeo yake yalionekana vijijini. Chefu aliendelea kugawa kwa desturi. Ofisi ya ardhi mjini iligawa kwa cheti. Kipande kimoja kikapata wenyewe wawili: mmoja ana mashahidi, mwingine ana karatasi. Mtu wa mjini mwenye fedha aliweza kupata karatasi juu ya kilima kizima, akazungusha seng'enge, akaweka ng'ombe wake. Na asubuhi moja wanawake wakakuta njia ya kisimani imefungwa. Maana si ng'ombe peke yake atumiaye njia. Mama mwenye ndoo anaitumia, na mtoto wa shule, na mgonjwa anayebebwa kwa kipoyi, na Mkristu anayekwenda Misa.

Hapa tumefika penye kiini. Mwenye shamba aweza kuomba cheti cha shamba. Mwenye malisho aweza kuomba cheti cha malisho. Je, nani aende ofisini kuomba cheti cha njia? Hakuna; maana njia ni ya wote, na mtu hatoi fedha yake kuandikisha kitu cha wote. Kwa hiyo kila mwenye cheti alisogeza ua wake hatua moja, na mwenziwe wa upande wa pili hatua moja, na kila mwenye jembe mistari miwili ya mihogo. Hakuna aliyeona kwamba ameiba. Lakini njia ambayo kundi lilipita kwa nafasi ikawa uchochoro, na katika uchochoro ng'ombe 60 hawawezi kupita bila kukanyaga.

Kisha watu wakaongezeka. Wakimbizi wa Burundi walivuka Ruzizi mwaka 1972, na tena mwaka 1993. Wa Rwanda wakaja mwaka 1994. Mabonde yenye maji yakalimwa pia. Leo wakulima wa Kivu huhesabu misimu mitatu: A, toka Septemba mpaka Januari, B, toka Februari mpaka Juni, na C, ambao ni wa kiangazi, katika mabonde na penye mifereji. Msimu huo wa tatu umeokoa nyumba nyingi na njaa: nyanya, mboga, mahindi mabichi, mpunga. Lakini mabonde hayohayo ndiyo yanayobaki na majani mabichi wakati wa jua, na ng'ombe mwenye kiu anayafuata. Mkulima hana kosa kulima panapolimika. Mfugaji hana kosa kutafuta maji. Kosa ni kwamba hakuna aliyekaa kitako kati yao na kusema: "Hapa ni pa kulima, na hapa ni pa kupita."

Jembe, ng'ombe na bunduki

Juu ya shida hiyo vita vikaja. Mei 1964 Uvira ilitekwa na waasi, na Juni mwaka huo palikuwa na mapigano hapa Kamanyola, ambayo Mobutu aliyasifu baadaye hata akaipa sehemu ya jeshi lake jina la Kamanyola. Tarehe 28 Novemba 1964, huko Baraka na Fizi, waliuawa wamisionari Waksaveri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, pamoja na Abbé Albert Joubert. Kanisa liliwatangaza Wenyeheri pale Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Katika maasi hayo makundi ya ng'ombe yalinyang'anywa, na wafugaji wengine wakakimbia malisho yao. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilirudisha mambo hayo mara nyingi zaidi.

Vita vilifanya jambo moja baya kuliko kula ng'ombe. Viliigeuza itulo. Palipokuwa na mzee wa nchi akipokea mnyama mmoja na kubeba wajibu wa kupatanisha, pakasimama kijana mwenye bunduki na kizuizi cha mti. Naye hupokea, lakini hapatanishi. Mfugaji akilipa, mkulima hapati kitu. Tena mkulima akimwona mfugaji akipita chini ya ulinzi wa bunduki, humhesabu kuwa adui. Ndipo kila upande ukatafuta bunduki yake. Mwaka 2013 Justine Brabant na Jean-Louis Kambale Nzweve walitoa uchunguzi wao juu ya kuhamisha ng'ombe katika Fizi na Uvira, wakauita La houe, la vache et le fusil, yaani jembe, ng'ombe na bunduki. Jina lenyewe ni somo: vitu viwili vya kwanza vyaweza kuishi pamoja, cha tatu ndicho kinachovitenga.

Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, katika kijiji cha Mutarule karibu na Luberizi, watu zaidi ya 30 waliuawa, na kati yao wanawake na watoto. Wengine walikuwa katika ibada. Mauaji hayo yalitanguliwa na shauri la wizi wa ng'ombe. Ng'ombe! Mnyama ambaye zamani alikuwa muhuri wa amani. Kisha tangu 2017 mapigano ya nyanda za juu yakamaliza makundi mengi na kuteketeza vijiji vingi, na Februari 2025 vita vikafika tena Kamanyola. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na hapa kwetu nyasi zenyewe ndizo malisho.

Wengine walifanyaje?

Tusidhani kwamba sisi tu ndio wenye shauri hili. Tanzania, katika wilaya ya Kilosa, tarehe 8 Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Huko Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilikuwa imekwisha pitishwa mwaka 1999, ingawa ilikuwa haijaanza kutumika, nayo inaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya ardhi wanayoitumia pamoja. Basi sheria nzuri peke yake haitoshi, kama watu hawajakaa pamoja kuitumia.

Huko Marekani mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hati ya serikali kwa ajili ya seng'enge yake, ambayo ikaenea upesi katika nchi za malisho. Katika Texas wenye mali walifunga nchi, hata njia za watu na maji. Na usiku wengine wakazikata nyaya. Watu wakauana. Mwaka 1884 bunge la Texas lilifanya mambo mawili kwa pamoja: kukata ua wa mtu kukawa kosa kubwa la jinai, na mwenye kuzungusha ua juu ya njia ya watu akaamriwa kuweka lango kila maili 3. Tazama hekima yake. Hawakusema, "Ua udumu, njia ife." Wala hawakusema, "Njia idumu, ua ufe." Walisema ua uwe na lango.

Lakini mfano mkubwa ni Hispania, nchi ya Wakristu wa kale. Kila mwaka kondoo walisafiri toka milima ya kaskazini mpaka uwanda wa kusini, kama ng'ombe wetu wa Itombwe. Mwaka 1273 Mfalme Alfonso X aliwapa wachungaji hati ya chama chao, kilichoitwa Mesta. Njia kubwa zilipewa upana uliojulikana, vara 90, yaani mita 75 hivi, na mkulima hakuruhusiwa kuzilima. Chama kile kiliwadhulumu wakulima kwa muda mrefu, kwa sababu wafalme walikipendelea, nacho kilivunjwa mwaka 1836. Hata hivyo njia hazikufa. Sheria ya 1995 inasema bado kwamba njia za mifugo ni mali ya umma, haziuzwi. Kutoka Hispania twajifunza mambo mawili: njia yenye upana ulioandikwa yaweza kudumu miaka mia saba, na anayepewa nguvu peke yake, awe mfugaji au mkulima, ataonea.

Maandiko Matakatifu yanasema nini?

Shauri hili ni la zamani kama Biblia. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Musa aliwaamuru Waisraeli kwamba mtu akiacha mnyama wake ale shamba la mwingine, alipe, na alipe kwa yaliyo mazuri ya shamba lake mwenyewe. Kumbe mwenye mnyama ndiye mlinzi, hawezi kusema, "Mbona hukujenga ua?" Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, imekatazwa kusogeza alama ya mpaka ya jirani. Kumbe mwenye jembe naye ana amri yake.

Tena katika kitabu cha Hesabu, sura ya 20, Waisraeli walimwomba mfalme wa Edomu ruhusa ya kupita. Waliahidi kwamba hawatapita shambani wala katika mizabibu, watafuata njia kuu ya mfalme tu, na kama wao au mifugo yao wakinywa maji watalipa. Hayo ni mapatano kamili ya kuhamisha mifugo: njia inajulikana, mazao yanaheshimiwa, maji yanalipiwa. Edomu alikataa, akatoka na jeshi. Waisraeli, ingawa walikuwa wengi, hawakulazimisha, walizunguka. Mfugaji asome hapo, na mwenye nchi asome hapo.

Yatupasayo

Tangu miaka ya 2010 mapatano ya namna hiyo yamejaribiwa katika Uvira na Fizi. Wakulima, wafugaji na machefu wa makabila mbalimbali walikutana kabla ya kiangazi, wakataja njia na tarehe, wakaweka kamati za pamoja. Mahali pengine yalishikwa, mahali pengine bunduki iliyavunja. Lakini yameonyesha kwamba inawezekana. Tukitazama historia yote tuliyoieleza, mambo manne yanahitajika.

Kwanza, njia iwe na jina, upana na alama. Wazee wa pande zote mbili waitembee kwa miguu, toka mlimani mpaka mtoni, wapande mnyaa au miti mingine huku na huku. Na ramani yake iwekwe kwa chefu, kwa mganga wa mifugo na ofisini penye vyeti vya ardhi, ili asitokee mtu wa kupewa karatasi juu ya njia.

Pili, ua ujengwe na nani? Hapa wengi hugombana bure. Desturi na Biblia zinakubaliana kwamba mchungaji ndiye ua wa kwanza. Basi asitume mtoto wa miaka kumi na ng'ombe arobaini, kisha aseme ni bahati mbaya. Lakini mwenye shamba linalogusa njia, au lenye mazao ya kiangazi, naye apande ua upande wake. Na mwenye seng'enge aache lango penye njia ya miguu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa kwetu ufa usiozibwa umejenga makaburi.

Tatu, mazao yaliyoliwa yapimwe siku ileile, mbele ya wote wawili na mtu wa kilimo, na malipo yafike mkononi mwa aliyelima. Mara nyingi aliyelima ni mwanamke, na fedha za fidia huishia kwa wanaume walioketi kwenye kesi. Dhuluma hiyo huzaa kisasi kuliko ng'ombe mwenyewe.

Nne, malipo ya kupita yarudi kwa mtu anayebeba wajibu. Anayepokea kitu cha njia bila kuilinda njia ni mnyang'anyi, hata akivaa nguo gani.

Na sisi Wakristu, katika mashirika yetu ya vijiji na katika Tume ya Haki na Amani, tuna kazi yetu. Hatuna askari wala vyeti, lakini tunawajua watu. Katekista anajua shamba lipi limesogea na zizi lipi lina mchungaji mlevi. Asingoje mpaka damu imwagike ndipo aite watu kusali. Mwezi wa Mei, kabla ng'ombe hawajashuka, ndio wakati wa kuwakutanisha wenye jembe na wenye fimbo, wakiwa bado hawajakasirika.

Isaka alichimba kisima, wachungaji wa Gerari wakamgombania; akakiita Ugomvi. Alichimba cha pili, wakamgombania; akakiita Uadui. Alisogea, akachimba cha tatu, na hapo hawakugombana, akakiita Nafasi. Uwanda wa Ruzizi umekwisha chimba visima viwili vya kwanza. Nafasi bado ipo, kama tutaipima pamoja na kuilinda pamoja.